Asubuhi na Alasiri za Wakili Shaweji

Atakaye kujua njia ya kwenda Ridhaani na akaulize kwingine. Wakili Shaweji Mbwarali, aliyekwenda na kurudi, hakuweza kuieleza hata alipobanwa na wenzake. Alisema tu kwamba alilala katika nchi moja akaamka katika nyingine, kwamba watu wa huko ni wapole na wanakula vizuri, na kwamba yeye hawezi kurudi huko tena. Haya ni masimulizi yake. Mimi nimeyapunguza tu, maana akisimulia mwenyewe huingia kila uchochoro.

Shaweji alikuwa mtu wa pwani, wa miaka ile ambayo bendera zilishushwa na kupandishwa mpaka watu wakaacha kuuliza hii ya leo ni ya nani. Alianza kwa kufagia chumba cha mahakama, akawa karani, akawa mkalimani, akajifunza sheria kwa kuwasikiliza mawakili wakigombana, na mwishowe akavaa tai akasimama mwenyewe. Alikuwa hodari, hilo hatumnyimi. Lakini alipenda kusema kuliko alivyopenda kula, na akisikia hoja nzuri, hata ya mpinzani wake, alitokwa na machozi.

Langoni mwa Ridhaani alipokelewa na karani wa mahakama, mzee Tindwa, mtu mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Karibu, mgeni. Kazi yako nini?"

"Mimi ni wakili, mzee wangu."

Tindwa akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mola ametuona. Wakili wetu amepandishwa Barazani, na leo tuna kesi. Utaweza kusema asubuhi na alasiri?"

"Hata usiku, nikiruhusiwa," akasema Shaweji, akidhani anaulizwa habari za bidii yake.

Akapewa joho. Upande wa nje lilikuwa la buluu, upande wa ndani la hudhurungi, na mishono yake ilifichwa kwa ustadi hata usingeweza kusema upi ndio wa ndani. Akaelezwa utaratibu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka.

Ridhaani kila kesi ina wakili mmoja. Asubuhi, joho likiwa la buluu, humsemea mdai. Adhuhuri jaji, wakili, mashahidi na mahasimu wote huketi pamoja kwenye sinia la wali. Wakishanawa mikono, wakili hugeuza joho, hudhurungi ikaja nje, akasimama kumtetea mdaiwa na kuyabomoa yote aliyoyajenga asubuhi.

"Na jaji huamuaje?" akauliza Shaweji.

"Hutazama ulisema vizuri zaidi wakati gani."

"Na ukweli je?"

Tindwa akalifikiria swali lile kwa adabu, kama mtu anayeulizwa habari za jamaa wa mbali. "Ukweli nao ungetaka wakili, bwana. Na wakili wake angelazimika kugeuza joho."

Zamani, akaeleza, Ridhaani ilikuwa na mawakili wawili kwa kila kesi. Wazee wa kwanza wakaona kwamba anayeshinda ni mwenye ulimi mtamu, basi wakasema huo ni uonevu, kila upande upewe ulimi uleule. Shaweji akaona jambo hilo lina busara. Alipopiga hatua chache akaona halina. Alipofika mlangoni mwa mahakama akaona tena linayo, na akaacha kulifikiri kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kusimama kumheshimu.

Mdai alikuwa Bi Kidawa, mfinyanzi wa Chamwelo, mwanamke wa makamo ambaye mikono yake ilikuwa imepauka kwa udongo mpaka viwikoni. Huko Chamwelo kuna ukingo wa mto wenye udongo mwekundu usiopasuka motoni. Wanawake wa kilima kile wameuchimba tangu enzi za bibi zao, na hawana udongo mwingine. Mdaiwa alikuwa Bwana Ngoda, mkandarasi aliyepewa kazi ya kujenga jumba jipya la Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa ameuzungushia ukingo ule ua wa miti ili afyatulie matofali yake.

Asubuhi ile Shaweji alisema kama ambavyo hajawahi kusema kwao. Aliuliza ni mtoto gani wa Ridhaani aliyeogeshwa siku ya kwanza kwa maji yasiyotoka katika mtungi wa Chamwelo, na ni maiti gani. Alimwomba jaji atazame mikono ya Bi Kidawa, kisha ya Bwana Ngoda. Watu walilia. Bi Kidawa alijifunika uso kwa upande wa kanga. Hata Bwana Ngoda alitikisa kichwa kwa masikitiko, akiwahurumia watu aliowanyang'anya.

Wakati wa kula Shaweji alijiambia kwamba kesi imekwisha. Alasiri angegeuza joho, aseme maneno mawili matatu ya kulegalega, akae chini. Haki ingejitafutia njia. Akasimama na nia hiyo, akaanza kwa sauti ya chini, na jaji akapiga miayo.

Shaweji hakuwahi kupigiwa miayo maishani mwake. Alisema baadaye kwamba hakukumbuka kuamua lolote. Aliisikia tu sauti yake ikipanda. Mfinyanzi, ilisema sauti ile, huuchimba udongo akautawanya: mtungi huu unavunjika mashariki, chungu kile magharibi, na nchi inazidi kupungua kidogo kidogo. Mjenzi huukusanya. Tofali halihami wala haliuzwi gulioni. Nani basi anayeupenda udongo wa Ridhaani, anayeupeleka nje au anayeuweka nyumbani? Mahakama nzima ilishusha pumzi. Jaji alikuwa ameegemea mbele kama mtoto anayesikiliza ngano, na akahukumu papo hapo kwamba alasiri imeishinda asubuhi.

Watu walimbeba Shaweji juu kwa juu. Alipowekwa chini alijikuta uso kwa uso na Bi Kidawa, akataka kumwomba radhi.

"Usihangaike, mwanangu," Bi Kidawa akamwambia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Shaweji. "Asubuhi nilikusikiliza nikalia. Alasiri nikakusikiliza, nikaona kweli, mimi ni mtawanyaji. Nimechimba pale toka utoto wangu, na sikuwahi kujua kwamba naiibia nchi."

"Bi Kidawa, yale ya alasiri yalikuwa maneno tu."

"Na ya asubuhi?"

Akaenda zake na wenzake, vikapu vitupu vichwani. Shaweji alisimama pale mpaka uwanja ukawa mweupe. Aliona haya, na chini ya haya ile kulikuwa na kidudu kingine alichokijua vizuri: ile hoja ya mtawanyaji na mkusanyaji bado ilikuwa inampendeza.

Ridhaani wakili huwa wakili mpaka isijulikane yuko upande gani. Akifika hapo husemekana amekomaa, na hupandishwa Barazani kutunga sheria. Wengine huchukua nusu ya umri wao. Shaweji alikomaa kwa kesi chache tu, maana baada ya ile ya Chamwelo alizidi kuchanganyikiwa, na kule mtu anavyozidi kuchanganyikiwa ndivyo anavyopata wateja. Aliwatetea wachungaji dhidi ya wakulima na wakulima dhidi ya wachungaji, na kila alipolala alisikia pande zote mbili zikijibizana kitandani. Barua ya kumpandisha ilipoletwa aliipokea kwa furaha ambayo watu waliidhania tamaa. Sababu yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amewaza kwamba kilichoharibiwa na wakili kinaweza kutengenezwa na mjumbe. Angetunga sheria kwamba ukingo wa Chamwelo ni wa wafinyanzi, basi.

Jumba jipya la Baraza lilikuwa zuri, la matofali mekundu. Shaweji alikaa humo akijitahidi asiiangalie mikono yake.

Siku ya kwanza mjumbe mmoja alileta hoja ya kujenga daraja, kwa kuwa watu huvuka mto mabegani mwa watu wengine na kila masika wanazama. Alisema asubuhi nzima. Wajumbe walijifuta macho. Wakala. Alasiri mjumbe yuleyule akageuza joho, akaonyesha kwamba daraja litawavunja mabega wavushaji kwa kukosa kazi, na kwamba nchi isiyobebana si nchi. Shangwe ikapasua paa, na daraja likatupwa.

"Hupita ngapi?" Shaweji akamuuliza Spika wakati wa kutoka. Spika alikuwa mzee mwembamba, Mwinchande, mwenye upole wa mtu asiyeharakishwa na lolote.

"Ngapi zipi?"

"Sheria. Ikiwa kila mjumbe huivunja ya kwake."

"Aa. Huwezi kuacha hoja yako isimame bila kujibiwa, ndugu mjumbe. Ingekuwa ni kujipendelea."

"Lakini nchi ina sheria. Nimezitumia mahakamani."

"Zimo, na ni njema sana. Hizo ni za wajumbe waliofariki wakati wa chakula."

Shaweji akaomba maneno yale yarudiwe, yakarudiwa. Hoja iliyosemwa asubuhi, ikiwa mwenyewe hakuwahi kuijibu alasiri kwa sababu amekufa, huhesabiwa haina jibu, na huandikwa kuwa sheria. Sheria ya urithi ilitungwa na mtu aliyesakamwa na mwiba wa samaki. Sheria ya ndoa, na mzee aliyepatwa na kiharusi kwenye sinia. Ile inayokataza kumbeba kuku kichwa chini ilikuwa ya mjumbe Pazi, ambaye alipitiwa na usingizi chooni.

"Usingizi?"

"Karani huita jina la mjumbe mlangoni baada ya chakula. Asiyeitika amefariki. Pazi hakuitika."

"Lakini aliamka."

"Aliamka, ndiyo," Spika akasema kwa huzuni ya kweli. "Ilikuwa msiba mkubwa."

Shaweji alimwona Pazi kesho yake, amekaa nje ya soko, mzima na afya yake. Wapita njia walimzunguka kama wanavyoizunguka nguzo. Shaweji akamwamkia, na muuza tango mmoja akamvuta mkono kwa upole akamwambia si vizuri kusema na marehemu, humsumbua. Mke wa Pazi alikuwa amekaa eda, akaitimiza, akaolewa na jirani. Kila jioni aliweka sahani ya chakula kizingitini bila kuangalia nje. Pazi alimkonyeza Shaweji, akafungua mdomo, akaufunga. Ni dhahiri alikuwa amezoea.

Baada ya kuona hayo Shaweji alipanda kilima cha Chamwelo. Bi Kidawa alikuwa barazani kwake akifinyanga udongo mweusi wa bondeni, nao ulimpasukia mikononi. Vyungu vilivyoharibika vilikuwa vimerundikwa ukutani. Vijana wa kilima walikuwa wamekwenda kufyatua matofali kwa Ngoda, sasa ya majumba mengine.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mheshimiwa. Umepanda cheo."

"Nimekuja kukwambia naleta hoja Barazani. Ukingo urudishwe kwenu."

Bi Kidawa akaendelea kuupapasa udongo. "Utasema?"

"Nitasema kuliko siku ile."

"Na alasiri?"

Shaweji akaanza kueleza. Atasema vibaya, kwa makusudi. Lakini alipokuwa akieleza alikumbuka alichokwisha kukiona: mjumbe akilegea alasiri, wenzake husimama mmoja mmoja kumkopesha hoja, kwa ukarimu tu, na hoja za kukopeshwa huwa nyingi kuliko zake.

"Mimi sina elimu ya Baraza," akasema Bi Kidawa. "Ila nakuomba kitu kimoja. Kama utayasema tena yale ya alasiri, usinialike nije kusikiliza. Safari ile yalinichukua muda mrefu kuyatoa kichwani, na hayajatoka yote."

Siku ya hoja Bi Kidawa hakualikwa, na hakuja. Shaweji alivaa buluu, akasimama. Wale waliokuwepo wanasema ilikuwa asubuhi ambayo haitasahaulika Ridhaani. Hakuwa na madoido. Alisema alivyomwona mwanamke akijilaumu kwa kuchimba udongo wake mwenyewe, na kwamba aliyemfundisha kujilaumu huko alikuwa yeye. Spika Mwinchande alilia mpaka akaomba maji. Ngoda, aliyekuwa amekaa na wageni, alisema kwa sauti kwamba mtu aliyefanya unyama ule angefaa achapwe viboko.

Kisha wakaketi kula. Wali ulikuwa wa nazi, na kuku. Shaweji alikuwa akimega tonge la pili hoja ya alasiri ilipomjia.

Hakuitafuta. Ilimjia yenyewe, nzima, kama mgeni anayeijua nyumba. Sheria hii, ilisema, si ya wafinyanzi. Ni ya Shaweji Mbwarali, anayetaka kulala usingizi. Leo nchi igawe ukingo ili mjumbe mmoja atulie moyo. Kesho mwingine mwenye majuto atataka msitu, na wa tatu mto. Nchi inayotungiwa sheria na majuto ya wakubwa itakuwa mali ya wale waliokosa zaidi. Tonge likasimama mkononi. Ilikuwa hoja bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na lililomtisha ni kwamba hakuwa na hakika kama ni uongo. Aliziona nyuso za wajumbe zikigeuka. Aliisikia shangwe. Moyo ulimwenda mbio kama wa bwana harusi.

"Umeshiba, ndugu mjumbe?" Spika akamuuliza.

"Natoka kidogo."

"Usikawie. Tuna hamu ya kukusikia ukijijibu."

Hapakuwa na sheria ya kumzuia mjumbe asiondoke. Haikuhitajika, maana katika historia yote ya Baraza hapakutokea mtu aliyekubali kuikosa alasiri yake. Shaweji alipita mlango wa nyuma, akafika chini ya dirisha la ukumbi, na hapo akasimama. Sina la kumlaumu. Kwao alikuwa wakili mmoja kati ya wengi. Hapa alikuwa mtu ambaye hata wapinzani wake walikuwa wapinzani wake mwenyewe. Alikuwa na nyumba, heshima, na ile hoja. Akitoka langoni atakuwa maiti. Akibaki bila kuitika pia atakuwa maiti, wa kuzungukwa sokoni. Na wale wanawake walikuwa kilimani, hawajui hata kama leo ndiyo siku yenyewe.

Kupitia dirishani akamsikia mzee Tindwa, sasa karani wa Baraza, akikohoa na kuita.

"Mheshimiwa Shaweji Mbwarali."

Mdomo ulifunguka wenyewe. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akajaza upindo wa joho mdomoni akauma, buluu na hudhurungi kwa pamoja.

Tindwa akaita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kusihi, maana alikuwa amempenda. Kisha mbao za viti zikalia, watu walipoinuka wote.

"Inna lillahi," akasema Spika. "Ametutoka."

Kilio kikapanda, na kilikuwa kilio cha kweli. Karani mwingine akaandika sheria ya Chamwelo huku wino ukimdondoka. Ngoda akatuma watu wakang'oe ua, maana kule sheria ikiandikwa hutiiwa, hilo nawasifu. Halafu Spika akatoa wasifu wa marehemu. Akasema marehemu alitoka bara, na Shaweji ni wa pwani. Akasema alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema ni pigo kwamba nchi haitaijua kamwe hoja yake ya alasiri, ambayo bila shaka ingekuwa dhaifu, kwa jinsi asubuhi ilivyokuwa na nguvu. Hapo Shaweji, akiwa chini ya dirisha na nguo mdomoni, alitokwa na machozi ya hasira. Alivua joho, akalitundika kwenye kichaka, akaenda.

Njia ya kutoka Ridhaani hupita chini ya kilima cha Chamwelo. Habari ilikuwa imemtangulia. Wanawake walikuwa wakishuka mtoni na majembe na vikapu, wengine wakimlilia marehemu, wengine wakiimba, na wengine wakifanya yote mawili. Walipomwona akija, nyimbo zikakatika. Wakagawanyika wakapita kila upande wake, macho mbele, kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyemgusa hata kwa ukingo wa kanga.

Bi Kidawa alikuwa wa mwisho. Alikuwa amebeba mtungi mdogo wa maji ya kunywa kazini. Alipomfikia alisimama, lakini uso aliuelekeza mtoni, akautua mtungi njiani karibu na miguu ya Shaweji kama mtu anayepumzisha mzigo.

Shaweji alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba ya asubuhi yalikuwa ya kweli. Alitaka pia kumwambia ile hoja ya alasiri aliyoimeza, kwa sababu alikuwa mtu pekee duniani aliyestahili kuisikia, na angalau mtu mmoja amwambie kama ilikuwa sahihi.

"Jamani, yule marehemu," Bi Kidawa akawaambia wenzake walio mbele, bila kugeuka. "Nilimsikia mara mbili, na mara zote mbili nilimwamini. Mpaka leo sijui yeye mwenyewe aliamini nini."

Shaweji alikuwa na jibu. Lilimjia lote kwa pamoja, lenye mwanzo na mwisho, na lilikuwa zuri. Akainama, akanywa maji, akaurudisha mtungi polepole usilie kwenye mawe, akashika njia yake.